Chipu haijafa: kutafuta ubovu kwenye mashine za gemu za zamani zinazopiga muziki

Mtu akiniletea Game Boy mezani hapa Mwanga, Kigoma, huja na hukumu tayari: "Fundi, chipu imeungua." Namwomba akae, nachukua mita, na kabla chai haijapoa mara nyingi tumeshaona kwamba chipu ni nzima. Kilichokufa ni swichi, au waya umekatika ndani ya mpira wake, au betri zimevuja. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotengeneza muziki wa chipu, yaani muziki unaopigwa na chipu za sauti za mashine hizi, wengi wao wakiwa wamejifunza kuchomelea peke yao, ili wasing'oe chipu ambayo haina kosa. Rezista utaipata kwenye redio yoyote mbovu. Chipu ya sauti ya Commodore 64 kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, na ukiichoma moja, duniani imepungua moja.

Mashine ninazozizungumzia ni tatu. Ya kwanza ni Game Boy ile nene ya kijivu iliyotoka Japani mwaka 1989, yenye chaneli nne za sauti: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya mchakacho unaofanya kazi ya ngoma. Ya pili ni Commodore 64 ya Marekani, ya mwaka 1982, ambayo ndani yake kuna chipu ya SID iliyobuniwa na Bob Yannes: sauti tatu tu, pamoja na chujio la sauti. Ya tatu ni zile TV gemu za kaseti, nakala za Famicom ya Nintendo, ambazo wengi wa rika langu tulizichezea sebuleni kwa jirani. Zinafika Kigoma kwa njia zake: ndugu aliyerudi kutoka Ulaya, robota la mitumba, mzigo uliopanda treni Dar es Salaam na kushuka stesheni pale chini. Zikishafika zinakutana na hewa ya ziwa. Unyevu wa Tanganyika huingia polepole kwenye swichi na kwenye vishikio vya betri, hasa mashine ikilala chini ya kitanda kule Ujiji msimu mzima wa mvua.

Utaratibu wangu haubadiliki: umeme kwanza, kisha athi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme, upande wa hasi), kisha viungo na nyaya, kisha kaseti. Chipu inakuja mwisho. Na kabla ya yote namuuliza mwenye mashine swali moja: ilianza kusumbua kabla au baada ya kufunguliwa? Kama ilikuwa nzima hadi siku ilipotobolewa matundu ya RCA ya kutolea sauti, basi ubovu uko sentimita chache kutoka pale pasi ya kuchomelea ilipogusa. Sijawahi kujuta kuanzia hapo.

Vifaa si vingi. Mita ya fundi, pasi yenye ncha nyembamba, spiriti, mswaki mkuukuu, betri nne mpya kabisa, na spika za masikioni unazoziamini. Game Boy inahitaji pia bisibisi ya mabawa matatu kwa parafujo za nje. Za ndani ni nyota ya kawaida. Usizilazimishe zile za nje kwa kisu. Kichwa kikishaharibika utaitoboa mashine ambayo haikuwa na shida.

Haiwaki, au inawaka kisha inajizima

Game Boy inakula betri nne ndogo, jumla volti 6. Iwashe, kisha pima volti kwenye vishikio vya betri ikiwa imewaka, si ikiwa imezimwa, maana betri iliyochoka huonyesha volti nzuri mpaka ianze kufanya kazi. Halafu pima upande wa pili wa swichi. Ukipata volti 5.8 kabla ya swichi na 4.6 baada yake, umeshapata mwizi wako. Vishikio vya ndani ya swichi vimeshika uchafu, vimekuwa kama rezista, na kila mashine inapohitaji nguvu zaidi, volti inaanguka na mashine inajianzisha upya. Tia matone ya spiriti ndani ya swichi, isukume mbele na nyuma mara hamsini ukiwa umetoa betri, subiri ikauke, pima tena. Mara nyingi tiba ni hiyo tu.

Kijana mmoja wa Ujiji alikuja na Game Boy iliyokuwa ikijizima kila wimbo ulipofika sehemu nzito. Alikuwa ameshaambiwa na mtu mwingine kwamba "prosesa inashindwa kubeba besi," na alikuwa tayari kuiuza kama vipuri. Tulipima. Ile sehemu nzito ndiyo sehemu aliyokuwa akiongeza sauti, spika ya ndani ikadai umeme mwingi zaidi, na swichi chafu ikashindwa kuupitisha. Spiriti na dakika kumi. Alipiga wimbo wote pale pale mezani, na mama anayeuza dagaa mlango wa pili akaja kuuliza hiyo redio ni ya aina gani.

Kama betri zimevuja, angalia zilikuwa betri za aina gani kabla hujasafisha. Zile za alikalaini huacha unga mweupe ambao ni wa upande wa magadi, kwa hiyo huondolewa kwa siki au maji ya ndimu. Zile za bei nafuu, za zinki na kaboni, tunazotia kwenye redio, huvuja kitu cha upande wa asidi, na hizo nasafisha kwa maji kidogo yaliyochanganywa na magadi. Ukikosea hutaua mashine, ila utasugua muda mrefu bila mafanikio. Malizia kwa spiriti ili maji yasibaki. Kishikio kikishaliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba, usikipake risasi ya kuchomelea juu juu, kibadilishe. Na kwa kuwa tumefika hapo: betri za zinki na kaboni hazifai kwa mashine iliyowekewa taa ya kioo na kaseti ya kisasa ya kuandikika. Zinaanguka volti mapema mno. Za kuchaji, volti 1.2 kila moja, zinatosha vizuri ingawa jumla yake ni 4.8 tu.

Anayetumia adapta awe mwangalifu na upande wa chanya. Tundu la Game Boy linataka volti 6 na hasi iwe katikati ya pini. Adapta nyingi za dukani zina chanya katikati, na pini inaweza kuingia bila kukuonya. Kwa TV gemu hatari iko kwingine: NES, yaani Famicom iliyouzwa Marekani na Ulaya, huja na adapta ya umeme wa AC volti 9, kwa sababu ndani yake ina daiodi za kuunyoosha, lakini Famicom ya Japani inataka DC, umeme ulionyooshwa tayari. Ukichomeka adapta ya NES kwenye Famicom unaweza kuiua papo hapo. Soma maandishi ya mgongoni mwa adapta, halafu pima hata kama umesoma.

Ikiwaka lakini kwenye kioo cha Game Boy kinashuka kibao cheusi badala ya jina la Nintendo, kisha kila kitu kinaganda, umeme ni mzima. Mashine husoma alama ya jina kutoka kwenye kaseti na kuilinganisha na ile iliyo kumbukani mwake. Isipofanana inakataa kuendelea. Kaseti ni chafu au haijakaa. Safisha meno yake kwa spiriti. Usipulize kwa mdomo kama tulivyofanya utotoni, mate ndiyo yanayoleta kutu.

Inavuma

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mvumo si kitu kimoja. Una noti yake, na mwanamuziki ana faida juu ya fundi wa kawaida: anaweza kuutambua kwa sikio. Chukua gitaa au kinanda, tafuta noti inayofanana na mvumo. Umeme wetu wa ukutani unatembea kwa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na hiyo iko karibu kabisa na G ya chini sana, G ambayo ni hezi 49. Ukisikia G hiyo, umeme wa ukutani unaingia kupitia waya: ngao ya waya wa sauti imekatika, au athi haijaungwa, au kuna mzunguko wa athi kati ya mashine na amplifaya. Ukisikia G ya oktavu moja juu, kama hezi 100, hiyo mara nyingi imetoka kwenye adapta. Daiodi zimegeuza mawimbi yote ya AC kuwa upande mmoja, kwa hiyo kila wimbi linatoa matuta mawili, na kapasita iliyotakiwa kuyasawazisha imekauka. Badilisha kapasita, au tupa adapta.

Mvumo wa tatu hautoki ukutani kabisa. Kioo cha Game Boy huchorwa upya karibu mara 60 kwa sekunde, na kila mara kinavuta umeme. Mvumo huu unakaa kati ya A kali na B ya chini, hauendani na gitaa lolote, na dalili yake ya wazi ni kwamba hubadilika picha inapobadilika. Fungua ukurasa wenye maandishi mengi, unakuwa mkali. Fungua ukurasa mtupu, unapoa. Pamoja nao huwa kuna mluzi mwembamba wa kama hezi 9,200, kwa sababu mistari ya kioo nayo ina mwendo wake. Vijana wananiambia "kuna mbu ndani." Mbu huyo ni wa kioo.

Ukishajua ni mvumo gani, jaribio linalofuata ni rahisi kuliko yote: chomoa adapta, tia betri, sikiliza kwa spika za masikioni bila amplifaya. Mvumo ukipotea, mashine yako ni nzima na tatizo liko nje. Rudisha amplifaya huku mashine ikiwa kwenye betri. Mvumo usiporudi, adapta ndiyo mbaya. Mvumo ukirudi, angalia waya.

Kwenye sherehe tatizo kubwa ni mzunguko wa athi. Miksa ya kukodi imechomekwa ukuta mmoja, kompyuta ya mkononi imechomekwa kwenye ekstensheni ndefu inayotoka chumba kingine, Game Boy imeunganishwa na zote mbili. Athi zinakutana kwa njia mbili, na kwenye duara hilo umeme mdogo unatembea na kuvuma. Suluhisho ni kisanduku chenye transfoma ya sauti ndani yake, kile wanachotumia wapiga gitaa kuingia kwenye miksa. Sauti inavuka kwa sumaku, shaba haigusani. Kama huna, chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja na uiache Game Boy ibaki na betri.

Kitu kimoja nakiomba kwa moyo wote: usikate pini ya athi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka kweli. Lakini siku waya wa moto utakapogusa sanduku la chuma, umeme utapita kwa mtu aliyeshika maiki.

Mvumo wa kioo unatibiwa ndani. Hapa ndipo inapofaa ile kazi ya kuvuta sauti kutoka kwenye miguu ya volyumu badala ya tundu la spika za masikioni. Game Boy ina amplifaya ndogo ndani kwa ajili ya spika na masikio, na amplifaya hiyo inakuza kila uchafu unaopita. Ukichukua sauti kabla ya volyumu, kushoto, kulia na athi, unairuka amplifaya hiyo na sauti inakuwa safi, na besi inashuka vizuri. Baada ya hapo gurudumu la volyumu halitapunguza tena sauti ya tundu lako jipya. Huo si ubovu, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Volyumu sasa iko kwenye miksa. Watu wawili wameshaniletea "ubovu" huu.

Kama umeshafanya hivyo na mluzi bado upo, tazama nyaya zako zinapita wapi. Waya wa sauti uliolazwa juu ya ile bodi ndogo ya umeme, au kando ya utepe wa kioo, utaokota kila kitu. Tumia waya wenye ngao, ule wa maiki unafaa, uunge ngao upande mmoja tu, upande wa athi ya bodi kuu, na upitishe ukingoni mbali na umeme. Umeweka taa ya nyuma ya kioo? Ichukulie umeme wake kwenye bodi ndogo ya umeme, na rezista yake yenyewe, si kutoka kwenye nyaya zinazolisha prosesa. Vioo vipya vya kisasa vinavyowekwa badala ya kile cha zamani vinavutia macho, lakini vinavuta umeme mwingi na vina kelele zaidi. Kwa mashine ya kupigia jukwaani mimi bado namshauri mtu abaki na kioo cha zamani.

Inalia, lakini kuna kitu kimepungua

Upande mmoja umekufa. Usishike pasi bado. Programu nyingi za muziki za Game Boy, ikiwemo LSDj ya Johan Kotlinski, zina amri ya kupeleka chaneli kushoto, kulia au kote. Fungua wimbo mwingine, au uandike mpya wa noti moja. Ukisikika pande zote, kosa lilikuwa kwenye wimbo. Jambo la pili ni jeki: ukichomeka jeki ya mono kwenye tundu la stereo, pini ya upande wa kulia inagusa athi na upande huo unanyamaza. Hapo ndipo uangalie viungo vyako. Kiungo kilichopoa vibaya kinaonekana kijivu na cha chembechembe; kipashe moto tena na uongeze risasi kidogo mpya.

Anayetaka mono kutoka kushoto na kulia asizisokote nyaya mbili pamoja. Njia mbili za kutoa sauti zinasukumana, na zote zinachoka. Tia rezista ya kilo-omu 1 kwenye kila upande, kisha ndipo ziungane.

Besi imetoweka na sauti ni nyembamba kama ya simu. Ulitia kapasita kwenye njia ya sauti, na umetia ndogo mno. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikiingia kwenye amplifaya yenye kilo-omu 10 inaanza kuzuia kila kitu kilicho chini ya hezi 160, na huko ndiko besi inakoishi. Weka ya mikrofaradi 10, upande wa chanya uelekee kwenye mashine, na mpaka unashuka hadi chini ya hezi 2. Kapasita yenyewe usiitoe bila kupima kwanza. Weka mita kwenye volti za DC, pima pini ya RCA dhidi ya athi mashine ikiwa kimya. Ukikuta volti imesimama hapo, kapasita inahitajika, la sivyo spika zitapiga kishindo kila unapochomeka.

Sauti inapasuka. Karibu kila mara mtu amechomeka kwenye tundu la maiki la miksa. Sauti ya mashine hizi ni kubwa mno kwa tundu hilo. Tumia lile la kinanda au la CD.

Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, ni uchafu: spiriti, zungusha, basi.

Sauti si yenyewe: imepanda, imeshuka, au wimbo umechelewa

Nilikaa siku mbili na Commodore 64 iliyokuwa na "ugonjwa" huu. Wimbo ulioandikwa kwenye mashine ya Marekani ulikuwa ukipigwa hapa kwa mwendo wa kuburuta, na sauti imeshuka zaidi ya nusu ya nusu toni. Nilibadilisha kapasita kumi na moja. Hakukuwa na ubovu. Commodore ya mfumo wa PAL, ule wa televisheni zetu, saa yake, yaani mapigo yanayoendesha chipu, inatembea hezi 985,248. Ya mfumo wa NTSC wa Marekani inatembea hezi 1,022,727. Namba zile zile zikiandikwa kwenye SID zinatoa sauti tofauti, na kwa kuwa wimbo mara nyingi hufuata mwendo wa picha, mara 50 kwa sekunde dhidi ya 60, unachelewa kwa sehemu moja ya sita. Tiba ni kuchagua mfumo sahihi ndani ya programu unayoandikia, au kurekebisha jedwali la noti.

TV gemu za nakala zina jambo lao. Nyingi zilizouzwa kwenye nchi za PAL zinachora picha 50 kwa sekunde, lakini saa ya sauti imewekwa karibu na ya Japani: hezi 1,773,448 dhidi ya 1,789,773. Kwa hiyo wimbo unachelewa lakini noti ziko karibu pale pale. NES halisi ya PAL hushuka zaidi ya nusu toni. Tena kwenye baadhi ya nakala hizi maumbo ya wimbi la mraba, la robo na la nusu (sehemu ya kila wimbi inayokaa juu), yamebadilishana mahali: unaandika sauti nyembamba ya pua, inatoka ya tumbo. Jaribu kubadilisha namba hizo mbili kwenye programu kabla hujailaumu chipu. Na ukitaka kutenganisha chaneli, kwenye NES na Famicom yenyewe chipu ya 2A03 hutoa mawimbi mawili ya mraba kwenye mguu wa 1, na pembetatu, mchakacho na sampuli kwenye mguu wa 2. Nakala nyingi ukizifungua utakuta tone jeusi la gundi badala ya chipu yenye miguu. Hapo huna pa kushika. Tafuta mashine nyingine.

Sisi wa Kigoma jambo la mwendo wa saa linatugusa zaidi, kwa sababu vijana hapa hawaigi tu muziki wa chipu wa Ulaya. Wanataka zile noti za haraka haraka za gitaa la solo tunalolisikia kutoka ng'ambo ya ziwa, na chaneli mbili za mraba za Game Boy zinazipiga vizuri ajabu, moja ikiitikia nyingine. Lakini ukipanda jukwaani na mpiga gitaa wa kweli, mashine ikiwa imeshuka kwa robo toni, hakuna atakayecheza. Mpiga gitaa afuate mashine, maana gitaa lina vifunguo vya kukazia nyuzi na Game Boy haina.

Isipokuwa umebadilisha kristali, ile inayopiga saa ya mashine. Ya asili ni megahezi 4.194304, na ukiweka ya nusu yake kila kitu kinashuka oktavu moja na wimbo unatembea nusu ya mwendo. Wengine wanaweka saketi ya kuzungusha ili sauti ipande na kushuka kwa mkono. Mashine ikiganda kila unapogusa swichi hiyo, saa inakatika katikati ya kubadilishwa. Badilisha ikiwa imezimwa. Ikiganda hata bila kuguswa, fupisha nyaya za kristali. Nyaya za sentimita kumi kwenye njia ya saa ni kutafuta matatizo.

Commodore 64 peke yake

Adapta yake ya zamani, lile tofali zito, ndiyo adui mkubwa. Inatoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Ikizeeka, upande wa 5 unaweza kupanda badala ya kushuka, na chipu za kumbukumbu zinakufa bila moshi wala harufu. Pima kabla ya kuchomeka. Ikizidi 5.25 usiitumie hata mara moja, hata kama mwenyewe anakuambia jana ilikuwa ikifanya kazi.

Picha ipo, sauti hakuna: angalia fyuzi ya ndani, ile ya volti 9, kisha pima mguu wa 28 wa SID. SID ya namba 6581 inataka volti 12 pale. Ya namba 8580 inataka 9. Kwenye bodi za mwanzo fyuzi hiyo ikikatika hata picha hupotea, kwa hiyo kioo cheusi hakimaanishi lazima kwamba mashine imekufa.

Nilishawahi kuweka 8580 kwenye bodi ya volti 12. Ilikuwa usiku, nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi ya mtu, na miguu inafanana. Ililia sekunde chache kisha ikanyamaza moja kwa moja. Nilimlipa mwenyewe, lakini chipu haikurudi. Tangu siku hiyo sigusi soketi ya SID bila kusoma namba kwa tochi na kupima mguu wa 28 soketi ikiwa tupu. Kapasita mbili za chujio nazo hutofautiana: pikofaradi 470 kwa 6581, nanofaradi 22 kwa 8580.

Mchakacho wa chini usiokwisha mara nyingi unaingia kwa njia ya sauti ya kuingilia, ambayo karibu hakuna anayeitumia. Kwenye plagi ya picha na sauti, unganisha pini ya 5 na athi, pini ya 2. Utasikia tofauti papo hapo.

Na kama chujio la 6581 yako linatoa sauti nzito kuliko la rafiki yako kwa wimbo ule ule, usitafute ubovu. Chipu hizo zilitoka kiwandani zikiwa hazifanani.

Mashine mbili hazitembei pamoja

Fupi tu. Waya wa kuunganisha Game Boy mbili lazima upitishe saa pamoja na data. Nyaya nyingine za bei rahisi zimeruka waya wa saa. Pima kila pini kwa mita. Tundu la Game Boy nene ni kubwa kuliko la Game Boy za baadaye, Pocket na Color, kwa hiyo usilazimishe.

Nyimbo zimepotea

Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu mtu anakuja akiwa ameshakubali. Kaseti nyingi za kuandikika za Game Boy hutunza nyimbo kwa betri ndogo ya duara ya volti 3. Ikiisha, nyimbo zinaondoka kimya. Pima betri hiyo mara moja kwa mwaka. Ikishuka chini ya 2.8 usingoje. Kwanza nakili faili la kumbukumbu kwenye kompyuta, la LSDj lina kilobaiti 128 tu, hata simu ya zamani inalibeba. Kisha badilisha betri, ukitumia ile yenye vibati vya kuchomelea tayari. Usichomelee moja kwa moja juu ya betri, inaharibika kwa joto na inaweza kupasuka usoni.

Kama nyimbo zinapotea na betri ni mpya, angalia kama kweli ulihifadhi. Kwenye LSDj wimbo ulio mbele yako si lazima uwe ndani ya orodha ya mafaili mpaka uamuru uhifadhiwe. Kama ulihifadhi na bado umepotea, tazama kibati cha hasi cha betri: mara nyingi kimeshikwa na risasi kidogo tu, na kinaachia kaseti inapochomolewa.

Ukimaliza, andika wimbo mfupi, noti nne zinatosha, uhifadhi, zima, chomoa kaseti kabisa na uiache mezani mpaka asubuhi. Mimi huwa sirudishi kaseti kwa mwenyewe siku hiyo hiyo hata akinisihi. Asubuhi naichomeka yeye akiwepo, na tunazisikiliza zile noti nne pamoja.